Ndefu Kumi, Fupi Moja

Wazee wetu walipofariki, mmoja nyuma ya mwenziwe, niliacha skuli nikabaki na wadogo zangu watatu pale Ibra, Omani, walikohamia wazee kutoka Unguja. Kitinda mimba alikuwa na miaka minne. Kiswahili alikiokota kwangu, na pale nilipokosa nafasi ya kumfundisha, Kiarabu cha mtaani kikajaza. Lakini kichwa cha kusoma alikuwa nacho yeye.

Alipomaliza sekondari alipata nafasi ya chuo Sur. Akatangulia kwa khalati yetu, dada yake mama, anayekaa mtaa wa Aija huko huko Sur, na akaisahau shahada yake ya sekondari kabatini. Jioni akanipigia simu.

"Kaka, shahada iko nyumbani! Wanataka yenyewe, si kopi. Kesho ndiyo mwisho wa kujiandikisha, mlango inafungwa saa tisa."

"Unafungwa," nikamwambia. "Mlango unafungwa. Unakwenda chuo na ngeli hujui?"

"Haya, unafungwa. Niletee tu, usisahau."

"Aliyesahau nani?"

Tukacheka, nikakata simu.

Asubuhi niliwaachia wadogo chai, nikaitia shahada kwenye bahasha, bahasha ndani ya shati, nikatoka saa kumi na mbili na nusu ili nilikimbie jua. Haraka sikuwa nayo. Ibra mpaka Sur ni saa mbili kwa pikipiki, na nilikwisha panga kula samaki kwa khalati kabla ya kwenda chuoni.

Nilipokaribia mji wa Al Kamil ikawaka kwenye dashibodi taa ya rangi ya chungwa, yenye picha ya injini. Pikipiki ikakohoa, ikazima. Zote nilizozijua kabla ya hiyo zilikuwa za kabureta. Ikisumbua unaifungua, unapuliza, unafunga. Hii ilikuwa ya injekta, inayorusha mafuta kwa umeme, nimeinunua kwa mtu, na taa ile sikuwahi kuiona. Nikaisukuma mpaka gereji ya kando ya barabara.

Fundi alikuwa Mhindi wa makamo, Kiarabu chake cha kuungaunga kama cha gereji zote.

"Washa swichi, injini usiwashe. Taa inasema. Wewe hesabu."

Taa ikakonyeza, ikapumzika, ikakonyeza tena vilevile.

"Tatu," nikasema.

"Tazama tena."

"Tatu! Mimi si kipofu."

Akacheka. "Skuli ulikwenda, wewe?"

"Nilitoka mapema."

"Basi sikiliza. Ikiwaka ndefu, hiyo kumi. Ikiwaka fupi, hiyo moja. Hii ndefu moja, fupi mbili. Si tatu, kumi na mbili. Kumi na mbili ni injekta."

Akaanza kufungua kiti na tangi, taratibu, akipanga skrubu juu ya gazeti. Simu yangu ikalia.

"Kaka, uko wapi? Niko hapa mlangoni."

"Al Kamil, pikipiki imezima. Usiwe na wasiwasi, saa tisa bado mbali."

"Mbali vipi? Imebaki nusu saa!"

"Sasa hivi ni saa mbili na nusu, wewe."

"Saa mbili gani, kaka? Sasa thamaniya na nusu. Tis'a wanafunga!"

Hapo nikaelewa. Saa tisa yangu ilikuwa ya alasiri, kama walivyohesabu wazee wetu Unguja. Yake ilikuwa ya Kiarabu, ambako saa mbili yetu ya asubuhi ni thamaniya, yaani nane, na saa tatu yetu ndiyo tisa. Neno lilikuwa moja. Nilimsahihisha mlango, saa nikaiacha ipite. Na kama taa ile isingewaka, simu hii ingenikuta kwa khalati, na chuoni ningewahi.

"Fundi, haraka!"

"Haraka ipi? Tangi bado haijatoka."

Nikakimbilia barabarani na kupunga mkono. Gari zikapita, nyingine zikinipigia honi. Saa tatu kasoro dakika kumi ndipo ikasimama pikapu ya mzee mmoja aliyebeba majani ya mbuzi. Nikamweleza, nikamwomba aongeze mwendo.

"Mwanangu," akasema, "huu ndio mwendo wangu."

Ikawa kazi yangu kuutazama mshale wa spidi. Ulisimama kwenye themanini mpaka tulipoingia Sur. Bahasha ilikuwa mapajani, nimeishika kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kunipokonya. Siku ya pili fundi aliniambia kuwa ilikuwa kutu tu kwenye plagi ya waya wa injekta, na pikipiki iliwaka muda mfupi baada ya mimi kuondoka.

Nilifika saa tatu na dakika arubaini. Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa njia, nje ya geti, na kanzu aliyoipiga pasi. Nikampita, nikagonga kidirisha cha getini. Karani hakuitazama hata bahasha. "Khalas. Mwakani." Nikagonga tena, na safari hii kidirisha hakikufunguliwa.

Nikarudi nikampa shahada yake. Akaitoa, akaitazama kama jasho langu limeiharibu, akairudisha.

"Kaka," akasema, polepole, akichagua maneno kama mtu anayesomeshwa, "mlango umefungwa."

Safari hii ngeli aliipatia.