Mtafiti wa Matumbo ya Nyuki

Habari ilinikuta sokoni Uvira nikinunua ndagala, dagaa wa ziwani: yule dada mwalimu wa biolojia, aliyekuwa akipanda milima ya Lemera kutafuta nyuki wa porini, amefariki kwa kipindupindu. Nilimwomba muuzaji arudie. Alirudia, kisha akanisogezea kiti chake. Mwalimu huyo hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kutembeleana kila juma. Tulifahamiana tu tangu niliposikia kwamba anachunguza vidudu vya tumboni mwa nyuki, visivyoonekana kwa macho, nikamwomba anichukue nikaone. Wasomaji wangu, ngojeni niwaeleze nilichokiona.

Tulipofika Lemera alinipeleka kwenye mti wenye uwazi uliojaa nyuki. Wachache alikuwa amewachukua walipotoka tu kwenye sega, akawalea mbali na ndugu zao. Akawaweka pamoja na wenzao waliokulia mtini, ndani ya kisanduku cha kioo. Wenzao walipapasana, wakalishana mdomo kwa mdomo. Wale wapweke walizubaa pembeni. Nikamuuliza kama ni wagonjwa. “Hapana, wako na tumbo tupu,” akasema. “Nyuki anazaliwa bila vile vidudu. Ndugu zake ndio banamupatia, kwa kuishi naye karibu. Akivikosa, hajue kukaa na wenzake. Hata harufu yake inaweza kuwa ingine, balinzi ba mulango bamukatae.” Akaongeza: “Ndivyo ninavyoona kwa hawa. Bado natafuta.” Aliwatazama wale wapweke kwa huruma ambayo sikuwahi kuona mtu akimpa mdudu.

Karibu na nyumba ya mwalimu, huku Uvira kando ya ziwa, alikuwa akiishi mama mmoja mjane, mfugaji aliyeshuka kutoka upande wa Mulenge baada ya vita kummalizia ng'ombe zake. Majirani wengi walikuwa hawamsalimu, kwa kuwa si wa kabila lao. Kipindupindu kilipoingia mtaani kikamwangusha, na watu wakasimama nje wakisikia akiomba maji. Mwalimu alipoelekea mlangoni, jirani mmoja alimshika mkono. “Weye, usiingie mule! Ule si muntu wetu.” Akajibu, “Basi minye niko muntu wake,” akaingia. Hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kumpakia mgonjwa, basi alimbeba mgongoni hadi kwenye kituo cha matibabu, akarudi kufua nguo za mgonjwa na kusafisha nyumba yake. Alinawa kwa maji ya klorini. Hatari ile aliijua kuliko sisi sote. Hata hivyo ilimpata. Mwalimu alipofikishwa kituoni mishipa ilikuwa imezama, serumu ya kumrudishia maji mwilini ikakosa njia. Alikufa kwenye kitanda kilichopakana na cha mama yule, ambaye alikuwa ameanza kunywa uji.

Hatukuruhusiwa kumwosha wala kumgusa. Tulimwona akishushwa kaburini na watu waliovaa glavu, na mama yake mzazi akawa analia akinyoosha mikono kwa mbali. Siku ya matanga yule mjane alikuja, amekonda, akasimama uani asithubutu kukaa. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba ndiye aliyemuua mwalimu. Mama wa marehemu alisikia pia. Aliinuka polepole, akammiminia mgeni maji ya kunawa, akamkalisha kwenye mkeka wake mwenyewe na kumsogezea sahani ya bugali. “Mutoto wangu alikubeba,” akamwambia. “Kula, dada.” Wakala pamoja, wote wawili wakilia.

Natafuta faraja ya kuwapa, siioni. Nchi hii imempoteza mtu ambaye kazi yake ilikuwa bado changa, na kitu kilichomuua ni kidudu cha tumboni. Lakini nimeona kwamba kuishi na wenzetu hatuzaliwi nako; tunapewa na wale wanaokubali kutukaribia, na wengine hulipia kwa uhai wao. Kama mtaani kwenu kuna mlango mnaoupita kila siku bila kubisha, nendeni mkabishe hodi huku mwenye nyumba akiwa bado anaweza kuitikia.