Mlango Uliokataa

Juzi, katika bweni la chuo kikuu ninamoishi kama mlezi wa wanafunzi, msichana aliyelowa mvua alinigongea mlango. Nikamkumbuka mama, aliyekuwa mlezi wa bweni la wasichana katika chuo cha Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru.

Alasiri moja nikiwa mtoto, mke wa mkuu wa chuo hicho alipiga teke dagaa wa mama waliokuwa wakikauka juani. "Bweni inanuka juu yako!" Mama akawaokota, tukaingia ndani. Mara mvua ikashuka kutoka ziwani, na mwanamke yule akakimbilia kwetu.

"Mama, fungula!"

"Mulango inakatala," mama akajibu kwa upole.

Nilivuta kitasa kwa nguvu zote, nikiukasirikia mlango. Leo najua mguu wa mama ndio ulioukaza. Gauni la kanisani la yule mwanamke lilichuja rangi yote, na mpaka leo nafurahi.