Kadi Isiyokatika

Juzi, kwenye duka la kompyuta hapa Kigoma mjini, dada mmoja anayeandikisha wakimbizi aliweka kompyuta yake ya mkononi juu ya kaunta. Alitaka kadi ya kunasa mtandao bila waya.

"Chukua hii, dada. Ina kasi kuliko zote," muuzaji akamwambia.

"Kaka, kasi sina haja nayo, nataka isiyokatika. Ikikatika, fomu inafutika, na inabidi nimuulize mama upya majina ya watoto wake waliofia njiani."

Muuzaji akairudisha ile kadi kabatini taratibu. Akachomoa iliyokuwa kwenye mashine yake mwenyewe, akaifuta kwa shati, akampa.

Mimi nilikuwa nimekuja kulalamika kwamba yangu ina mwendo wa kobe. Zamu yangu ilipofika, nikanunua betri tu, nikaondoka.