Siku Nilipomfanya Mwizi Kuwa Shemasi

Rafiki yangu, wewe nakuamini, kaa nikusimulie aibu yangu mwenyewe kabla hujaisikia kwa wengine, maana kuna akina mama hapa Turffontein, Johannesburg, wanaisimulia kwa kuongeza chumvi. Nilisimama kanisani na maikrofoni mkononi, mimi Mama Gloria, kiongozi wa akina mama, nikawaambia watu wa Mungu kwamba mwizi ni shemasi. Nikarudia, tena kwa machozi.

Ilianza na likizo ya shule ya baridi, ile ya Julai, watoto wako nyumbani na kanisa linawafanyia vipindi mchana ili wasizurure. Vipindi vyote Kiingereza. Watoto wetu waliozaliwa hapa Kiswahili wanakisikia ila hawakijibu, ukimwambia Gloria wangu (ana miaka kumi na sita) leta maji, maji yanakuja, lakini maneno yanayokuja na maji ni ya Kiingereza, au Kizulu akiwa amekasirika. Sasa wazee wa kanisa wakataka hata ibada ya familia iwe Kiingereza tupu, na mimi nikamfikiria Koko Adela (koko ndiyo bibi kwetu Wakongo), analala chumba kimoja na wajukuu zake na hawezi kuomba nao. Nikasimama kwenye kikao nikasema nipeni mchana mmoja tu wa Kiswahili. Pasta wetu, Mkenya mtaratibu anayefanya kazi benki, akaandika kwenye simu yake.

"Mchana mmoja, Mama Gloria. Watoto wakikimbia, tumemaliza hayo maneno."

Nikachagua filamu, wala sikufikiria, kwa sababu filamu ya moyo wangu ni moja tu. Kwetu Lubumbashi, kila Noeli, Papa alikuwa anatoa televisheni nje barazani, anaweka kaseti ile ile ya nchi ya theluji, majirani wanajaa na viti vyao, na kwa kuwa filamu ilikuwa ya Kiingereza, Papa alikuwa anasimama pembeni anatutafsiria. Fundi wa magari, kucha nyeusi na grisi, lakini siku hiyo alikuwa anaongea kama mwanamke, kama mzee, hata kama mbwa. Hadithi ilikuwa ya Shemasi Yohana, mwenye koti jekundu na gunia mgongoni, anaingia kimyakimya nyumba za wajane kuwaachia chakula cha Noeli bila kujulikana. Theluji, Papa alisema, ni unga Mungu anawamwagia watu wa huko, na mimi nilikuwa nawaonea wivu kweli, unga wote ule na hakuna anayeukinga na beseni. Tulikuwa tunalia barabara nzima. Mpaka leo nikisikia harufu ya mvua ya Desemba naiona ile baraza.

Hapa Joburg Noeli ni jua la kupasua kichwa, filamu ya theluji haikai vizuri, ndiyo maana nikasema Julai, na baridi hii inayouma masikio, ndiyo wakati wake. Gloria akaitafuta kwenye intaneti kwa maelezo yangu mpaka akaipata, koti jekundu lile lile. Akaniuliza tusiiangalie kwanza? Na mimi nilikuwa na magauni mawili ya harusi ya kumaliza kule Marshalltown ninakoshona, na mtihani wa darasa la jioni (nasoma Kiingereza, hatua ya pili, usinicheke), nikamwambia ya nini, filamu hii naijua kuliko jina langu.

Hapo, rafiki yangu, ndipo nilipojichimbia shimo.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, watoto na blanketi zao, hita mbili, beseni za magwinya ya moto (maandazi ya huku), akina mama wamejipanga nyuma na vilemba, wazee wa kanisa wamekaa kando. Nikasema sauti ya filamu iachwe chini kidogo, kwa ajili ya muziki, nikashika maikrofoni kama Papa.

Nikasema huyu ndiye Shemasi Yohana, anaomba kabla ya safari. Koko Adela akasema amina. Watoto wa mbele wakacheka. Nikasema sasa anapitia dirishani ili asimwamshe mjane. Akina mama wakasema amina kwa nguvu, na watoto wakacheka zaidi, na mimi (Mungu anisamehe) nikadhani ni furaha ya Roho, nikaongeza sauti. Kadiri amina zilivyopanda ndivyo watoto walivyogaagaa chini. Kisha macho yangu yakaona kitu ambacho kwenye Noeli zote zile hayakuwahi kuona: lile gunia lilikuwa linaingia ndani tupu, linatoka limejaa. Na masikio yangu ya darasa la jioni yakaanza kuokota neno moja moja. Haraka. Polisi. Kimbia.

Nikajipa moyo, nikasema tusubiri yule mama anayelia dirishani, ambaye Papa alituambia amefunga siku tatu, yeye ataweka mambo sawa. Akatokea. Hakuwa analia, alikuwa analinda asije mtu. Shemasi akamwaga vijiko vya fedha mezani na yule mfungaji wa siku tatu akambusu mdomoni. (Sehemu hiyo Papa alikuwa anasimama mbele ya kioo, anasema mashine imepata joto.)

Pasta akainuka, akasimamisha picha.

"Mama Gloria," kwa upole ule unaochoma, "huyu mtu ni mwizi. Na huyo mama ni mwenzake."

Koko Adela akauliza kwa sauti, "Mwizi nani? Yohana?"

Watoto wakalipuka. Wakubwa wakaanza kukunja blanketi, wengine wako mlangoni tayari, na nikaona mchana wangu mmoja unatoka nje na miguu yake. Nikaomba maombi mafupi kuliko yote ya maisha yangu, nikarudisha maikrofoni mdomoni. Nikawaambia wanangu, nimewadanganya bila kujua, kumbe Papa yangu Kiingereza hakujua, na mimi nimepata habari hizo leo pamoja na ninyi. Mnisamehe.

Ndipo Lerato, mjukuu wa Koko Adela, mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitoa neno la Kiswahili, akasimama na magwinya mkononi.

"Anti, sasa Yohana yako atafanya nini?"

Yangu. Alisema Yohana yangu. Nikamwangalia pasta, nikamwomba azime sauti yote na aachie picha. Akaangalia mlango, akaangalia wazee, akabonyeza.

Nikasema sawa, Yohana ni mwizi, hatufichi tena, lakini yule mwanamke anamjibu nini? Watoto wakapiga kelele kwa Kiingereza. Nikasema pole, Yohana wangu hasikii Kiingereza. Halafu Gloria wangu, Gloria wa kunijibu kwa Kizulu, akaja mbele akachukua maikrofoni ya kwaya.

"Yohana," akasema kwa Kiswahili kilichopinda kama msumari wa zamani, "rudisha mavijiko ya watu, ama mimi narudi kwa mama yangu."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Baada ya hapo ikawa foleni, huyu anataka kuwa mbwa, huyu theluji (theluji inaongea, usiniulize), na polisi alipotokea pasta mwenyewe akamsemea kwa Kiswahili cha Nairobi, "Wewe kijana, hebu leta kitambulisho." Mwisho Lerato akasema lazima arudishe vitu, basi Gloria akairudisha filamu nyuma polepole, na kweli, rafiki yangu, tukamwona mwizi akitembea kinyumenyume kwa aibu, anaingia kila nyumba na gunia limejaa, anatoka nalo tupu. Koko Adela alisimama akapiga vigelegele. Hakuna mtoto aliyetoka.

Wazee wa kanisa hawakuita kikao kingine. Ibada ya familia imebaki na Kiswahili chake, na watoto wameshauliza filamu ijayo ni ipi.

Nilimpigia Papa Lubumbashi, nikamuuliza Kiingereza alijifunzia wapi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, watu wamekuja na watoto wao siku ya Noeli. Ningewaonyesha mwizi?"

Basi nimeapa mbele za Mungu, sitasimama tena na maikrofoni kwa filamu ambayo sijaiangalia mpaka majina ya waigizaji kule mwishoni. Na wewe nakuomba kitu kimoja, mkasa huu usikae nao. Mpe mama yeyote unayemjua ambaye mtoto wake anamjibu kwa lugha nyingine, acheke kwanza, halafu ajaribu na wake.