Taa ya Njano kwenye Gari la Mariette

Watu wa Butembo waliomfahamu mume wangu, Éliakim Syauswa, watakuambia alikuwa fundi wa magari, mtu wa kanisa, mtu asiyependa maneno mengi. Yote ni kweli. Watasahau kukuambia kwamba alikuwa na wivu hadi kwenye kucha. Mimi siwezi kusahau, kwa sababu nyumbani kwetu wenye wivu tulikuwa wawili.

Wivu wake ulikuwa na jina: Phinées Kahongya. Walijifunza kazi pamoja kwa fundi mmoja wa Musienene, na siku zile Éliakim ndiye aliyelala chini ya gari, Phinées akimpitishia funguo za nati. Baadaye Phinées akaenda Kampala, akakaa miaka sita. Vita vya pili vya Kongo vilipotukuta, mji ukiwa mikononi mwa waasi na kila kitu kikitoka Uganda, alirudi akafungua karakana yake Beni. Alirudi na kitabu kinene na kipande cha waya. Mtu akiutaja waya ule mezani kwetu, mume wangu aliacha kula.

Wivu wangu nao ulikuwa na jina. Mariette Kavira alikuwa mjane aliyechukua samaki Kyavinyonge, ziwani, na kuwauza Butembo na Beni, kwa gari lake kuukuu la Kijapani. Mwanamke wa kucheka kwa sauti, kitenge kimemkaa vizuri, hana haraka. Gari lake likiingia uani kwetu, Éliakim aliacha kila kitu. Lori la mtu lingebaki juu ya magogo kutwa nzima, yeye yuko kwenye gari la Mariette. Ungekuwa mimi, ungefikiri nini?

Ugonjwa wa gari lile ulianza mwaka 2001. Taa ndogo ya njano iliwaka mbele ya usukani na ikakataa kuzimika. Injini ikawa inakunywa petroli kupita kiasi na kushtukashtuka kwenye milima. Éliakim alisafisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akachomoa waya wa betri kwa robo saa. Taa ikazimika, tukamshukuru Mungu. Siku ya nne iliwaka tena, Mariette akiwa Beni, na mtu mmoja akampeleka kwa Phinées.

Phinées aliingiza ncha mbili za waya wake kwenye kisanduku kidogo kilicho kando ya injini, akafungua swichi, akahesabu taa inavyokonyeza: mara mbili, kisha mara moja. Akatazama kitabuni. Akasema ni sonde ya oksijeni, kile kipande kinachofungwa kwenye bomba la moshi, kionje moshi na kuiambia injini iongeze petroli au ipunguze. Akatia mpya. Gari likapanda milima bila kulalamika.

Mariette alirudi kutusimulia hayo yote uani kwetu, kwa mikono na kwa macho.

"Kumbe ile taa inasemaka," alisema. "Phinées eko nasikiliza tu!"

"Uniachie gari, niangalie kama hakuharibu kintu," Éliakim akajibu, uso umemshuka.

Mariette akaenda sokoni na samaki wake. Hata hajafika kwenye kona, mume wangu alikwisha kufungua kifuniko chote cha juu cha injini. Alitafuta alama za mkono wa Phinées kila mahali, kama mtu anayepekua mifuko ya koti. Kisha akanituma dukani nikamletee tyubu ya silikoni, ile gundi ya kuziba injini isivuje mafuta, akaipaka kwa ukarimu mpaka ikafurika pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Injini iliyotoka uani kwetu haikudondosha mafuta hata tone moja, na mji mzima ulijua. Mariette aliporudi, alimwambia: "Niliangalia tu."

Baada ya wiki mbili taa ikawaka. Beni, sonde mpya, taa ikazimika. Butembo, mume wangu akafungua tena, safari hii akiwa na hakika kwamba Phinées amelegeza kitu makusudi ili mteja arudi kwake. Ikawa hivyo mara tatu. Kila mara mimi ndiye niliyetumwa gundi, na kila mara Mariette alikuja kusubiri gari lake kwenye kigoda changu, akinywa chai yangu. Nilimpa bila sukari. Nilimwambia ni mambo ya vita, sukari imekosekana.

Mara ya tatu gari lilimzimikia kwenye barabara ya Beni, karibu na kizuizi cha askari. Walichukua samaki wote, wakamkalisha chini juani tangu asubuhi hadi alasiri. Alifika kwetu hacheki.

"Papa Éliakim, ile barabara haiko ya kuzimikia," alisema. "Mutu mwenye atapata ugonjwa ya hii gari, njo atakuwa fundi yangu mpaka nife. Mwingine, basi, tuachane kwa amani."

Alipokuwa anaondoka kwenda Beni nilimwomba lifti, nikasema namtembelea dada yangu. Uongo mtupu. Nilitaka kusikia atamtajaje mume wangu njiani. Hakumtaja hata mara moja, na hilo nalo liliniudhi.

Phinées nilimkuta mtu mwembamba, mpole, ananiuliza habari za Éliakim kama za kaka yake. Alifungua sonde akaiweka kiganjani. Ncha yake ilikuwa nyeupe, kama imechovywa katika unga wa muhogo.

"Petroli mubaya inaachaka nyeusi," alisema. "Hii nyeupe ni ya silikoni." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko cha injini, palipofurika gundi. "Harufu yake inaingia ndani, inaungua, inatoka na moshi, inaua sonde. Nani anafungaka huku juu? Miye sijagusaka hapa hata siku moja."

"Éliakim anaangaliaka tu," Mariette akasema. "Pengine ni ule fundi mwenye ananisaidiaka kule Kyavinyonge."

"Donc, umukataze ule wa Kyavinyonge."

Yangeishia hapo. Jina la mume wangu lilikuwa salama, na mimi sikuhitaji hata kusema uongo, kunyamaza tu kulitosha. Lakini niliona gari lile likiingia tena uani kwetu wiki kwa wiki, na kicheko kile, na Éliakim akiliacha lori la watu.

"Ni bwana yangu," nikasema. "Anaifunguaka kila mara. Pâte, ile gundi, njo miye ninamununuliaka."

Nilisema kwa sauti ya Mkristo anayetubu. Ulikuwa wivu, hakuna kingine. Phinées hakucheka. Alisema tu, "Éliakim?" kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. Mariette alinishika mikono miwili, akanishukuru kwa Kinande. "Wasingya, Hulda. Umeniokoa." Siku iliyofuata alinishusha sokoni Butembo, hakufika kwetu, na mimi nilitembea hadi nyumbani moyo umetulia.

Nilimweleza mume wangu pale pale alipokuwa, chini ya lori. Akatoka. Akauliza weupe ulikuwa wa namna gani, ncha nzima au upande mmoja, na Phinées alitumia ufunguo gani. Nilingoja aulize Mariette alisema nini, kama amekasirika. Hakuuliza.

"Mariette hatarudia hapa tena," nikamwambia.

"Eko na haki." Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Phinées alikuwa pale? Alisikia jina yangu kwa kinywa yako?"

"Alisikia."

Aliketi kwenye gogo. Sikuwa nimewahi kumwona ameketi mchana wa kazi.

"Ungeniambia miye kwanza, ningeenda mwenyewe kumuambia Mariette. Ungesema mbele ya kanisa nzima, Hulda. Mais si mbele ya Phinées."

Nilitaka kumwambia kwamba ni wivu wangu juu ya Mariette ulionisemesha, kwamba nilikuwa namlinda yeye asichukuliwe. Sikuweza. Nilijua angeinua uso na kuniuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, Mariette anaingiaje humo.