Majina Aliyoyakata Shakiru kwenye Wimbo wa Bibi

Saa tatu asubuhi, Majengo, Moshi mjini. Shakiru Mikidadi ameinama mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, na hodi za mlangoni hazisikii. Anasikiliza sauti ya mwanamke mzee anayeimba kwa Kichagga. Mstari unafika mwisho, halafu unakatika ghafla kabla mwimbaji hajamaliza pumzi. Anaurudisha. Unakatika palepale.

"Hapa kulikuwa na jina," anasema bila kugeuka. "Jina la nani, sijui. Nililikata mwenyewe."

Shakiru ana miaka thelathini na minne, na kwa kazi yake si mtu wa kubahatisha. Vijana wa mjini hapa wanamjua kama prodyuza asiyeogopa kuchanganya. Atachukua singeli aipitishe ndani ya amapiano, atie kinanda cha taarabu kutoka kaseti za marehemu mama yake, na watu watacheza kana kwamba vitu hivyo vimezaliwa tumbo moja. Kwa wimbo mmoja anatoza shilingi elfu hamsini. Kazi zikikauka, hurudia ufundi umeme aliofundishwa na baba yake, akatandaza nyaya kwenye nyumba za watu.

"Nilikuwa naamini hakuna miziki miwili isiyoweza kukaa chumba kimoja," anasema. "Hata leo naamini. Ila siku hizi najiuliza kwanza, nani amehamishwa ili mwenzake apate nafasi?"

Swali hilo hakuwa nalo miaka minne iliyopita, siku ambayo rafiki yake Denis, mwendesha bodaboda, alimpandisha Kibosho kwenye kihamba cha kwao, shamba la ukoo. Bibi yake Denis, Mektrida, alikuwa kibarazani katikati ya migomba na mibuni, anamenya ndizi za mtori. Shakiru akampa shikamoo, akavutiwa kiti. Denis akaeleza kwamba mwenzake anapenda nyimbo za zamani. Bibi akacheka, akasema sauti yake nzuri alishaimalizia kwaya, lakini akaimba hivyohivyo, kisu mkononi.

Ulikuwa wimbo wa siku ya kumtoa mzazi nje. Huku mlimani, mwanamke akijifungua hupumzishwa ndani kwa muda, analishwa vizuri, na siku ya kutoka kina mama humwimbia. Shakiru alikuwa mtoto wa mjini, wa nyumba ya Kiislamu yenye Wapare upande mmoja na Wanyamwezi upande wa pili, na Kichagga chake kiliishia kwenye salamu. Alichojua ni kwamba sauti ile ni mali. Akairekodi kwa simu, mwanzo hadi mwisho.

Balaa lilimkuta studio. Bibi aliimba kwa mwendo wa tatu tatu, ule wa mtu anayembembeleza mtoto mgongoni, na biti ya Shakiru ilikwenda nne nne. Kila mstari wa bibi ulizidi kidogo, ukagonga ngoma mahali pasipo pake. Angeweza kuihamisha ngoma imfuate bibi. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, naye alikuwa na haraka. Akakata mkia wa kila mstari, ukaingia kama ufunguo kwenye kitasa.

Kisha akapandisha kasi na kuinua sauti mpaka bibi akasikika kama msichana. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo akaifuta rekodi nzima, akabaki na vipande alivyovihitaji. Simu nayo akaja kuiuza.

Na wimbo ulipendwa, jamani! Ulipigwa kwenye harusi na sendofu, ukapigwa kwenye vilabu vya pombe ya mbege kuanzia Kibosho mpaka Marangu. Denis alimpelekea bibi asikilize. Bibi alisikiliza mpaka ukaisha, akarudisha simu, akaendelea na shughuli zake. Shakiru alisema moyoni kwamba wazee ndivyo walivyo, ngoma za vijana hawaziwezi.

Mwaka jana Mektrida akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka.

Miezi michache baadaye Doris, mke wa Denis, alijifungua mtoto wa kike, uzao wao wa kwanza. Denis akaja studio na furaha yake, kuomba ile rekodi ya bibi nzima, isiyo na ngoma, ipigwe siku Doris atakapotoka. Ndipo alipoeleza jambo ambalo hakuwahi kuona haja ya kulieleza. Katika wimbo ule kila mstari unaishia na jina la mwanamke aliyeolewa kwenye kihamba kile, tangu wa kwanza kabisa, mama mkwe hadi mkamwana. Mwishoni huongezwa jina la mzazi anayetolewa. Doris alikuwa anangoja jina lake liunganishwe na ya wenzake.

Shakiru akajibu kwamba ataitafuta. Denis akirudi, anaambiwa diski inasumbua. Akirudi tena, umeme. Ulikuwa uongo mtupu, naye leo hautafutii jina lingine. Mwisho akamkalisha rafiki yake, akamwambia ukweli wote.

Denis hakufoka. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuleta kwetu, Shaki. Sasa nikuseme wewe, au nijiseme mimi?"

"Angenitukana ningepata nafuu," anasema Shakiru.

Kinachomkera zaidi ni kwamba hawezi kujitetea kwa kutojua. Amekulia madrasa, amerekodi kaswida nyingi, na vijana wa kaswida nao mistari yao huzidi. "Kwenye kaswida nisingethubutu kukata jina la Mtume ili biti ikae sawa. Ningekesha mpaka ngoma itafute pa kupita. Kwa hiyo heshima nilikuwa nayo. Sikuipeleka Kibosho tu."

Walijaribu kuyatafuta majina. Mama yake Denis, Justina, aliishi Dar es Salaam karibu maisha yake yote ya ndoa. Tuni anaijua, ila ukiacha jina lake mwenyewe, ameshika mawili tu, la mkwewe na la mkwe wa mkwewe. Kanisani walikuta majina ya ubatizo, na wimbo hauna Maria wala Theresia, una majina ya nyumbani. Majirani kila mmoja ana wimbo wa kihamba chake. Maji yalishamwagika.

Basi Shakiru akafanya alichoweza. Akavirudisha vipande kwenye mwendo wake wa kwanza, akaishusha sauti ya bibi mpaka ikawa ya bibi, ngoma akaiondoa yote. Kila mahali alipokata, akaacha ukimya wa kutosha jina moja, na mwishoni akaongeza mmoja zaidi. Siku ya Doris akapanda na wimbo huo Kibosho.

Kina mama walijaa uani. Doris akatoka na mtoto, amependeza. Mektrida alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini. Wimbo ukaanza, mstari ukaisha, pakawa kimya. Mwingine, kimya. Shakiru aliangalia ardhi. Anasema hajawahi kuona aibu kama ile tangu azaliwe.

"Denis akanigusa begani," anasimulia. "Nikainua uso, nikamwona bibi. Kila panapokuwa kimya, mdomo wake unasogea. Alikuwa anawataja. Wote anao, kwa mpangilio wao. Ni sauti tu haitoki."

Yalipofika yale matatu ya mwisho, Justina akayatamka. Na kwenye ukimya wa mwisho kabisa kina mama wote wakasema kwa pamoja: Doris. Mwenyewe alilia, na wengi walilia naye.

Tangu hapo Shakiru hupanda Kibosho kila Jumapili. Mkewe, Rukaya, humtania kwamba siku hizi anajua saa za misa kuliko saa za swala. Bibi akirudishwa kutoka kanisani, Doris humpakata mtoto mbele yake na kumfanyisha bibi mazoezi ya kusema waliyofundishwa hospitali, na Shakiru huweka kinasa sauti mezani. Daktari aliwaambia wasitegemee makubwa. Mpaka sasa kimetoka kimlio tu, kisha bibi huchoka, huwatazama kwa macho yenye maji.

Yupo mtu wa Arusha aliyetaka wimbo ule utengenezwe upya kwa biti kali zaidi, kwa fedha ambayo Shakiru hajawahi kuishika. Alimkatalia.

"Mimi nangoja jina moja," anasema. "Bibi akilitoa nusu, nitaliweka hiyo nusu. Akichukua dakika nzima kulitamka, itakuwa dakika nzima. Safari hii ngoma ndiyo itakayomsubiri."