Friji ya Mavyaa

Mavyaa, mamake mume wangu, hakupenda wageni wafike jikoni. Ukumbini kwetu, hapa Shella, mlikuwa bado na viti vya msaji alivyoachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa na mashamba. Jikoni tulikuwa tukipikia seredani ya makaa.

Siku moja alikuja binti aliyekuwa akifanya utafiti wa matumizi ya umeme majumbani, akatueleza kwamba mita huonyesha umeme wote uliotumika, lakini haionyeshi kiasi gani kimekwenda kwenye taa, feni au friji. Kwa hivyo yeye na wenzake huuliza nyumba nyingi zina vyombo gani, kisha hulinganisha zenye friji na zisizokuwa nayo, wapate kukisia kila chombo kinakula kiasi gani.

"Friji mnayo?"

"Tena kubwa," alijibu mavyaa. Akanigeukia. "Mletee mgeni sharubati baridi."

Friji ilikuwa imekufa kitambo. Nilitokea mlango wa nyuma, nikaomba barafu kwa jirani, nikarudi na bilauri huku natabasamu.

Baada ya wiki kadhaa binti alirudi. Alimwamkia mavyaa kwa adabu, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

"Bibi, samahani. Umeme mnaotumia ni mdogo sana kuliko tulivyokisia kwa nyumba yenye friji. Huenda mita ina kasoro, au niliandika vibaya. Naweza kuiona friji?"

Nikamwahi mavyaa kujibu: "Huwa twaizima."

"Kwa nini, dada?"

Nikabaki nachezea pindo la leso.

Mavyaa aliinuka, akatangulia jikoni, akaufungua mlango wa friji. Ndani mlikuwa na unga, mabakuli na kanzu zake za Idi zilizokunjwa. Makaa yalikuwa yametapakaa sakafuni. Nikayasukuma kwa mguu nyuma ya mlango, mgeni ananitazama.

"Nilikudanganya," mavyaa alisema. "Nimekuharibia hesabu?"

"Wengi hutujibu hivyo, Bibi. Tukiyachukua majibu hayo kuwa kweli, tutawahesabia watu umeme wa friji wasizokuwa nazo."

"Basi futa. Na kwenye swali la kupika, andika makaa."

Binti akafuta, akaandika, akaaga. Nilimsindikiza hadi barazani na sikuweza kumtazama usoni.

Niliporudi, mavyaa alikuwa amekaa ukumbini, ameelekea dirishani.

"Mimi nilikwisha kusema uwongo wangu," alisema. "Wewe hukuwa na haja ya kuongeza wako; ungalinyamaza tu."

Nikasimama pale mlangoni, siwezi kuingia, siwezi kutoka.